Mfalme James: Mskoti aliyetaka Waingereza waitwe Wabritania

MZUNGUMZAJI wa Kiswahili anapotaja Uingereza, mara nyingi huwa amezitaja nchi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Katika lugha yetu, aliyezaliwa London ni Mwingereza, na aliyezaliwa Edinburgh pia huitwa Mwingereza, ingawa huyu wa pili huenda akakunja uso akisikia jina hilo.

Hapa kwetu Kenya, kuna mahali panapoihifadhi tofauti hiyo. Jina la Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu katika Kaunti ya Kiambu, lilitokana na jinsi wenyeji walivyolitamka jina la Waskoti, wamishenari waliojenga kituo chao hapo mwishoni mwa karne ya 19. Walikuwa Wabritania, naam, lakini hawakuwa Waingereza.

Tofauti hiyo ina historia ndefu, na katikati ya historia hiyo amesimama James wa ukoo wa Stuart. Alivikwa taji la Uskoti akiwa mtoto mchanga, akarithi lile la Uingereza akiwa na umri wa miaka 36, na akawa mtu wa kwanza kuwa mfalme halali wa nchi hizo mbili kwa pamoja. Kisha akataka jambo ambalo raia wake hawakumwomba. Alitaka waache kujiona kuwa Waingereza na Waskoti, wawe taifa moja la Wabritania.

Katika makala haya, Uingereza ni ile nchi ya kusini pekee, Uskoti ni jirani yake wa kaskazini, na Britania ni kisiwa kizima kinachozibeba nchi hizo pamoja na Wales.

Taji utotoni

James alizaliwa Juni 19, 1566 katika Ngome ya Edinburgh. Mamake alikuwa Mary, Malkia wa Uskoti, na babake Henry Stuart, aliyejulikana kama Lodi Darnley. Wazazi wake wote wawili walikuwa wajukuu wa Margaret, binti wa Mfalme Henry wa Saba wa Uingereza, aliyeolewa na mfalme wa Uskoti mwaka 1503.

Ndoa ile ya mwaka 1503 ilikusudiwa kumaliza uhasama wa karne nyingi. Amani yenyewe ilidumu miaka kumi tu, kwani mnamo 1513 mumewe Margaret aliuawa na majeshi ya Uingereza katika vita vya Flodden. Hata hivyo, damu ya ndoa hiyo ilibaki, na ndiyo iliyompa James haki ya kudai viti viwili vya enzi.

Utoto wake haukuwa wa raha. Mnamo Februari 1567, nyumba aliyolala babake mjini Edinburgh ililipuliwa kwa baruti, na Darnley akapatikana bustanini akiwa maiti. Miezi michache baadaye, mamake aliolewa na mtu aliyeshukiwa kupanga mauaji hayo. Wakuu wa nchi waliasi, wakamkamata malkia na kumlazimisha kujiuzulu.

Hivyo basi, Julai 29, 1567, mtoto wa miezi 13 alivikwa taji katika mji wa Stirling. Mary alitorokea Uingereza mwaka uliofuata akitarajia msaada wa binamu yake, Malkia Elizabeth. Badala ya msaada alipata kifungo cha miaka 19. James hakumwona mamake tena.

Nchi ilitawaliwa na makaimu wanne kwa zamu. Lodi Moray alipigwa risasi mwaka 1570. Lodi Lennox, babu yake James, aliuawa mwaka 1571. Lodi Mar alifariki kwa maradhi mwaka uliofuata. Lodi Morton, aliyedumu kuliko wenzake, alikatwa kichwa mwaka 1581. James mwenyewe alitekwa nyara na kundi la wakuu mnamo Agosti 1582, akiwa na umri wa miaka 16, akazuiliwa kwa takriban miezi kumi.

Mwalimu wake, George Buchanan, alikuwa miongoni mwa wasomi mashuhuri wa Ulaya, mkali wa fimbo na mkali wa hoja. Alimfundisha Kilatini, Kigiriki na Kifaransa. Vilevile alijitahidi kumtia kichwani kwamba mfalme huwajibika kwa watu wake, nao wana haki ya kumwondoa akiwa dhalimu. Mwanafunzi aliipokea elimu na kuikataa itikadi. Baadaye aliandika vitabu kutetea rai iliyo kinyume kabisa, kwamba mfalme huwajibika kwa Mungu pekee.

Kuusubiri urithi

Malkia Elizabeth wa Uingereza hakuolewa wala hakuzaa. Kila mwaka uliopita ulimsogeza James karibu na kiti chake. Mnamo 1586, falme hizo mbili zilitia saini mkataba wa urafiki mjini Berwick, naye James akaanza kupokea ruzuku ya takriban pauni 4,000 kwa mwaka kutoka kwa Elizabeth.

Mtihani ulikuja miezi michache baadaye. Mary alipatikana na hatia ya kushiriki njama ya kumuua Elizabeth, na Februari 8, 1587 akakatwa kichwa katika ngome ya Fotheringhay. Waskoti wengi walighadhibika, na wapo waliotaka vita vya kisasi. James alilalamika kwa barua na kwa mabalozi, lakini hakuuvunja mkataba. Alikuwa amechagua urithi.

Mwaka 1589 alisafiri mwenyewe kwa meli kumfuata mchumba wake, Anne wa Denmark, ambaye dhoruba zilikuwa zimemkwamisha Norway, wakafunga ndoa mjini Oslo. Polepole aliwadhibiti wakuu waliokuwa wakiwashika mateka wafalme, akalibana kanisa lililodai kutomtambua mkuu mwingine ila Kristo, na kufikia mwaka 1600 alikuwa miongoni mwa wafalme waliofaulu zaidi katika historia ya Uskoti.

Elizabeth alifariki alfajiri ya Machi 24, 1603. Mjumbe aitwaye Robert Carey alipanda farasi kuelekea kaskazini, akaanguka njiani na kupigwa teke la kichwa, lakini aliendelea. Alifika Edinburgh usiku wa Machi 26, akiwa na damu na vumbi, akampigia magoti mfalme aliyekwisha kulala na kumwamkia kama mfalme wa Uingereza.

Kabla ya kuondoka, James aliwaaga watu wake katika Kanisa la Mtakatifu Giles, akaahidi kurudi kila baada ya miaka mitatu. Aliondoka Edinburgh Aprili 5, 1603. Katika miaka 22 iliyobaki ya uhai wake, alirudi mara moja tu.

Jina lililokataliwa

Safari ya kwenda London ilikuwa ya shangwe. Waingereza walikuwa wameogopa vita vya urithi, na sasa walimpata mfalme mtu mzima, Mprotestanti, mwenye mke na watoto. Lakini mjini Newark palitokea kisa kilichowatia wasiwasi wanasheria. Mwizi wa mifukoni alikamatwa katika umati, na James akaamuru anyongwe papo hapo bila kesi. Waingereza walijiuliza iwapo mgeni wao alizijua sheria zao, au kama alizijua na hakuzijali.

Mnamo Machi 1604, alilihutubia bunge lake la kwanza mjini Westminster. Alijieleza kuwa mume, na kisiwa kizima kuwa mke wake halali. Haikumpendeza mfalme Mkristo kuwa na wake wawili. Alieleza kuwa Mungu alikuwa amezifanya nchi hizo kuwa jirani zenye lugha moja, dini moja na desturi zinazofanana, na kwamba kilichobaki ni watu kukubali kile ambacho maumbile yalikuwa yamekwisha kukifanya.

Wabunge walisikiliza kwa adabu, kisha wakakataa. Hawakukataa kwa chuki pekee. Majaji walioulizwa rai yao walijibu kwamba iwapo jina la Uingereza lingebadilishwa, ufalme wenyewe ungekuwa umekoma kisheria, na sheria zake zote zingekoma pamoja nao. Hati za mashamba, hukumu za korti, haki zilizopatikana tangu mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215, vyote vilisimama juu ya jina hilo.

Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ikiwa ufalme mpya ungezaliwa bila sheria, ni nani angeutungia sheria? Jibu lilikuwa mfalme, yule yule aliyeandika kwamba wafalme huwajibika kwa Mungu pekee, na aliyemnyonga mwizi wa Newark bila kumsikiliza. Kwa Mwingereza wa mwaka 1604, kubaki Mwingereza kulikuwa sawa na kubaki na haki zake.

Waskoti nao walikuwa na hofu yao. Uingereza ilikuwa na watu takriban milioni nne, ilhali wao hawakufika milioni moja. Pauni moja ya Uingereza ilibadilishwa kwa pauni 12 za Uskoti. Walikuwa wameiona Wales ikimezwa na sheria za Uingereza mwaka 1536, na waliiona Ireland ikitawaliwa na naibu aliyetumwa kutoka London. Waskoti walikuwa wamepigana karne tatu kuzuia wasimezwe kwa upanga. Hawakutaka kumezwa kwa karatasi.

James hakukubali kushindwa. Oktoba 20, 1604, alitangaza kwa mbiu, bila idhini ya bunge, kwamba yeye ni Mfalme wa Britania Kuu. Lakini hata mbiu hiyo ilikiri udhaifu wake, kwani ilisema jina jipya lisitumiwe katika hati wala kesi za kisheria. Kortini Uingereza ilibaki Uingereza, na Uskoti ikabaki Uskoti.

Sarafu, bendera na ugomvi

Aliloshindwa kulipata bungeni, James alilitafuta sokoni na baharini. Mwaka huo wa 1604 ilitolewa sarafu ya dhahabu iliyoitwa Unite, yaani iliyounganishwa, ikiwa na maneno ya Kilatini kutoka kitabu cha nabii Ezekieli kuhusu kabila mbili kufanywa taifa moja. Kila aliyelipa au kulipwa kwa sarafu hiyo alishika mkononi siasa ya mfalme.

Aprili 12, 1606 ikaja zamu ya bendera. Meli za nchi zote mbili ziliagizwa kupeperusha bendera mpya iliyounganisha msalaba mwekundu wa Mtakatifu George wa Uingereza na msalaba mweupe wa mshazari wa Mtakatifu Andrew wa Uskoti. Kabla ya mwaka kwisha, wenye meli wa Uskoti walikuwa wamewasilisha malalamiko. Msalaba wa Uingereza ulilazwa juu ya wao na kuukata vipande. Katika kipande cha kitambaa walisoma nani angekuwa juu na nani angekuwa chini.

Katika kasri la London, manung'uniko yalikuwa ya upande wa pili. Wahudumu wa chumba cha ndani cha mfalme, waliomvisha, waliomlisha na walioweza kumnong'oneza ombi wakati wowote, walikuwa karibu wote Waskoti. James aliwapa zawadi na mashamba bila kuhesabu. Mwaka 1605, waandishi wa tamthilia Ben Jonson na George Chapman walitiwa jela kwa sababu mchezo wao uliwakejeli Waskoti.

Mwaka huo huo, Novemba 5, Guy Fawkes alikamatwa chini ya jengo la bunge akilinda mapipa ya baruti. Njama ilikuwa ya Wakatoliki waliochoshwa na mateso ya kidini, lakini chuki ya kitaifa nayo haikukosekana. Inasimuliwa kwamba alipohojiwa mbele ya wakuu wa Kiskoti, Fawkes alijibu kuwa nia yake ilikuwa kuwalipua warudi kwao milimani.

Februari 1607, mbunge Sir Christopher Piggott alisimama bungeni akawatukana Waskoti kwa ukali hivi kwamba mfalme alighadhibika, na wenzake wakamfukuza na kumpeleka gerezani. Lakini hoja ya wengi haikubadilika. Baadhi yao walidai kwamba ikiwa lazima pawe na muungano, basi uwe kamili, Waskoti wachukue sheria za Uingereza kama Wales ilivyofanya. Walijua Waskoti hawangekubali. Bunge la Uskoti liliuidhinisha muungano kwa sharti kwamba Uingereza nayo iuidhinishe, na Uingereza haikufanya hivyo. Kati ya yote aliyoyaomba, James alipata kufutwa kwa sheria za zamani zilizowahesabu Waskoti kuwa maadui.

Ni katika hotuba zake za mwaka huo ambapo aliwaambia Waingereza kuwa aliitawala Uskoti kwa kalamu akiwa ameketi London, jambo ambalo wafalme waliomtangulia hawakuliweza kwa upanga. Yalikuwa majigambo ya kweli. Lakini kwa Mskoti aliyebaki nyumbani, mfalme aliyekuwa akionekana sokoni Edinburgh alikuwa amegeuka kuwa barua.

Mtoto mdogo kortini

Ushindi wake mkubwa zaidi ulitoka kortini, na uliletwa na mtoto. Robert Calvin alizaliwa Uskoti mwaka 1605, baada ya James kurithi Uingereza. Walezi wake walidai mashamba mjini London kwa jina lake. Wapinzani walisema mtoto huyo ni mgeni, na mgeni hangeweza kumiliki ardhi Uingereza.

Mwaka 1608, majaji wakuu waliketi pamoja kuamua. Wengi wao, akiwemo mwanasheria mashuhuri Edward Coke, walisema kwamba utiifu wa raia ni kwa mfalme kama mtu, si kwa nchi. Aliyezaliwa chini ya mfalme yule yule hawezi kuwa mgeni katika ufalme wake wowote. Kwa hivyo kila Mskoti aliyezaliwa baada ya Machi 1603 alikuwa na haki ya kumiliki ardhi Uingereza, ingawa baba yake aliyezaliwa kabla ya siku hiyo alibaki mgeni.

Hukumu hiyo ilifanya kile ambacho wabunge walikikataa, na ilifanya zaidi. Kanuni kwamba mahali pa kuzaliwa chini ya mfalme ndipo panapompa mtu uraia ilienea katika himaya yote iliyofuata, na ikaathiri hata sheria za Marekani.

Mpakani, Britania ililetwa kwa mkono wa chuma. Kwa karne nyingi, koo za pande zote mbili zilikuwa zikiishi kwa wizi wa mifugo, zikivuka mpaka usiku na kurudi kabla ya mapambazuko. James aliamuru eneo hilo lisiitwe tena mpaka, bali mikoa ya katikati. Tume ya pamoja ilinyonga watu wengi, wengine wakahamishwa kwa nguvu. Wizi ulipungua, na watu ambao uhai wao ulitegemea kuwepo kwa mataifa mawili walikosa pa kusimama.

Jina la Wabritania lilipata matumizi ya kweli ng'ambo ya bahari, huko Ulster, kaskazini mwa Ireland. Kuanzia mwaka 1609, ardhi iliyonyang'anywa wenyeji Wakatoliki iligawiwa walowezi kutoka Uingereza na Uskoti. Serikali ilihitaji neno moja la kuwaita wote, na neno hilo likawa Wabritania. Waliogombana Westminster walijikuta upande mmoja mbele ya Waireland waliopokonywa mashamba yao. Jeraha la ugawaji huo limeendelea kutonesha siasa za Ireland Kaskazini hadi zama zetu.

Hata hivyo, umoja huo haukufika Amerika. Katika enzi yake, eneo moja la pwani ya huko liliitwa Uingereza Mpya, na mwaka 1621 James mwenyewe alitoa hati ya kuanzisha koloni la Nova Scotia, yaani Uskoti Mpya. Mfalme alikuwa mmoja, lakini raia wake walipovuka bahari, kila kundi lilibeba jina la kwao.

Mgeni nyumbani

Hatimaye, mnamo Mei 1617, James alirudi Edinburgh. Mji ulimpokea kwa hotuba na mashairi ya Kilatini. Lakini alikuwa ameagiza kanisa la kasri la Holyrood lipambwe kwa desturi za Uingereza, likiwa na kinanda na sanamu za mitume zilizochongwa kwa mbao. Waskoti waliona harufu ya Ukatoliki. Maaskofu wake wenyewe walimwomba aziache sanamu hizo, naye akakubali shingo upande.

Mwaka uliofuata alilazimisha kanisa la Uskoti kupitisha kanuni tano mjini Perth, mojawapo ikiwataka waumini wapige magoti wakipokea ushirika mtakatifu. Wengi walikataa katakata. Mfalme aliyeahidi kuziunganisha nchi mbili kama wenzi sasa alionekana akiifanya moja ifanane na nyingine.

Nyumbani kwake majonzi hayakukosa. Mwanawe wa kwanza, Henry, aliyependwa na watu, alifariki Novemba 1612 akiwa na umri wa miaka 18. Binti yake Elizabeth aliolewa Ujerumani mwaka 1613, na ni kizazi chake kilichokuja kurithi kiti cha Britania mwaka 1714. Mwaka 1611 ilitolewa tafsiri ya Biblia ambayo hadi leo hubeba jina la James, na ambayo ilisomwa makanisani kusini na kaskazini. Huenda kitabu hicho kiliwapa raia wake lugha ya pamoja kuliko mbiu zake zote.

James alifariki Machi 27, 1625 katika kasri la Theobalds, akiwa na umri wa miaka 58. Alizikwa Westminster. Alikuwa amewajengea Elizabeth na mamake Mary makaburi ya fahari katika kanisa hilo hilo, lakini yeye mwenyewe hakujengewa. Jeneza lake lilipotafutwa mwaka 1869, lilipatikana katika kaburi la Henry wa Saba, yule babu aliyemwoza binti yake kwa mfalme wa Uskoti.

Baada yake

Mwanawe Charles hakuwa na subira ya babake. Alipolazimisha kitabu cha sala cha mtindo wa Kiingereza mwaka 1637, ghasia zilizuka katika lile kanisa la Mtakatifu Giles ambako James aliagana na watu wake. Vita vilifuata katika falme zote, na Januari 30, 1649 Waingereza wakamkata Charles kichwa bila kuwauliza Waskoti.

Siku sita baadaye, mjini Edinburgh, Waskoti walimtangaza mwanawe kuwa mfalme, na si wa Uskoti pekee bali wa Britania Kuu. Jina ambalo babu zao walilitilia shaka lilikuwa limegeuka kuwa ngao yao dhidi ya uamuzi wa London.

Muungano wa kisheria ulikuja Mei 1, 1707, zaidi ya miaka 100 baada ya James kuuomba. Haukuletwa na mapenzi. Waskoti walikuwa wamefilisika kwa jaribio la kuanzisha koloni huko Darien, Amerika ya Kati, na walihitaji masoko ya Uingereza. Waingereza nao waliogopa kwamba Uskoti ingejichagulia mfalme mwingine. Wajumbe walilitegua lile fumbo la majaji wa mwaka 1604 kwa njia rahisi. Bunge lilikuwa moja, jina likawa Britania Kuu, lakini kila nchi ilibaki na sheria, korti na kanisa lake.

Ndiyo maana Mskoti ameweza kuwa Mbritania bila kuwa Mwingereza. Ndiyo maana pia tofauti hiyo haikufa. Elizabeth wa Pili aliporithi kiti cha enzi Februari 6, 1952 akiwa ziarani hapa Kenya, Waskoti wengi waliuliza angekuwaje wa pili kwao ilhali yule wa kwanza hakuwahi kuwatawala. Sanduku la barua lenye nambari yake lililipuliwa mjini Edinburgh mwaka 1953, na masanduku mapya ya Uskoti yakawekwa nembo ya taji la Uskoti badala ya nambari. James, kwa upande wake, alikuwa amezibeba nambari zote mbili: wa Sita kaskazini, wa Kwanza kusini.

Uskoti ilipata tena bunge lake mwaka 1999. Septemba 18, 2014, wapiga kura wake waliulizwa iwapo nchi yao iwe huru. Asilimia 55 walisema la, asilimia 45 wakasema ndiyo. Mwaka 2016, asilimia 62 ya Waskoti walitaka kubaki katika Umoja wa Ulaya, ilhali Uingereza ilipiga kura kuondoka, na swali likafufuka upya. Novemba 2022, Mahakama ya Juu mjini London iliamua kwamba bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine bila idhini ya Westminster.

James aliamini kwamba mfalme akishatamka jina, watu watakuwa vile alivyowaita. Historia yake yaonyesha vinginevyo. Uingereza na Uskoti zilikubali kuitwa Britania pale zilipopata faida na zilipohakikishiwa kwamba hazitapoteza kilicho chao, na kila mara hakikisho hilo lilipotiliwa shaka, watu waliyarudia majina yao ya kale.